Uzito wa adhabu haumwajibishi mwonevu

Kuanzia udahili wa mwaka 2026, vyuo vikuu vyote vya Korea Kusini vinatakiwa kuangalia kama mwombaji aliwahi kuchukuliwa hatua kwa kuwaonea wenzake shuleni, na kuipima rekodi hiyo pamoja na alama zake. Habari hii imeshangiliwa hata mbali na Korea. Watu waliochoka kuona waonevu wakipeta huku walioonewa wakihama shule wameisoma kama ushindi: angalau nchi moja imeonyesha meno. Furaha hiyo naielewa, lakini nadhani wengi wameisoma habari yenyewe kinyume. Kijana wa miaka 14 anayemkaba mwenzake kwenye ngazi za shule hawazi fomu ya chuo atakayoijaza akiwa na miaka 18. Mwonevu huwajibika pale kitendo chake kinapojibiwa haraka, kinapojibiwa kila mara, na pale mtu anaporudi baadaye kuangalia kama kimekoma, hata kama jibu lenyewe ni dogo. Tukiongeza uzito wa adhabu bila kugusa hayo matatu, tunachoongeza hasa ni sababu za watu wazima kuikwepa.

Chanzo cha hatua hiyo ya Korea kinaeleza mengi. Februari 2023, mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka aliteuliwa kuongoza ofisi ya taifa ya upelelezi. Siku iliyofuata akajiondoa. Ilikuwa imebainika kwamba mwanawe, alipokuwa sekondari, alimwandama mwenzake kwa maneno ya kumdhalilisha, akaamriwa kuhamishwa shule mwaka 2018, na familia ikaipinga amri hiyo mpaka Mahakama ya Juu. Mahakamani walishindwa. Lakini uhamisho wenyewe ulichelewa karibu mwaka mzima, na kijana baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, ambacho wazazi wengi wa nchi hiyo hukiota usiku na mchana. Umma ukafura, na ulikuwa na haki. Aprili mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba rekodi za makosa mazito zitakaa miaka 4 baada ya kuhitimu badala ya 2, na kwamba vyuo vyote vitalazimika kuzizingatia.

Sasa tazama kilichotokea na kilichotibiwa. Adhabu ilikuwepo tangu mwanzo, na haikuwa nyepesi: katika ngazi 9 za hatua zilizomo kwenye sheria ya Korea, kuhamishwa shule ni ya nane, ikipitwa na kufukuzwa tu. Kilichokosekana ni kufika kwake. Miezi yote ambayo mawakili walikuwa wakibadilishana hati, aliyeonewa aliendelea kuwa mwanafunzi wa shule ileile na aliyemwonea. Tatizo lilikuwa kuchelewa, na dawa iliyotolewa ni ya kutibu upole wa adhabu. Ukiikuza adhabu mpaka iguse chuo, ajira na jina la familia, mzazi mwenye uwezo atapambana nayo kwa nguvu maradufu. Tayari Korea wapo mawakili wanaojitangaza kwa kesi za aina hii. Mzazi asiye na uwezo hana wa kumpigania, na rekodi ya mwanawe itaandikwa bila kupingwa na mtu. Kanuni iliyozaliwa kwa hasira dhidi ya mtoto wa kigogo inaelekea kuwanasa zaidi watoto ambao baba zao si vigogo.

Haya mambo hayakuanza na simu wala mitandao. Dan Olweus, mwanasaikolojia Msweden aliyefanya kazi Bergen, Norway, alianza kuyachunguza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati walimu wengi wakiyaona kama vurugu za kawaida za watoto. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, ikaaminika kwamba kuonewa na wenzao kulichangia sana, na mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima. Olweus ndiye aliyetuachia vigezo vinavyotumika mpaka leo: ni uonevu pale mtu anapoumizwa kwa makusudi, kwa kurudiwarudiwa, na mtu au kundi lililomzidi nguvu kiasi kwamba hawezi kujitetea kwa urahisi. Kigezo hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika upesi, na nitakirudia. Kuhusu ukubwa wa tatizo, UNESCO ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake walau mara moja katika mwezi uliotangulia. Jambo linalowapata watoto wengi namna hiyo, tena kila siku, halitibiki kwa adhabu iliyokusudiwa kesi chache za mwaka.

Hoja kwamba uhakika wa adhabu unazuia makosa kuliko ukali wake ni ya zamani. Mwanafikra Mwitaliano Cesare Beccaria aliitetea mwaka 1764, akizungumzia mahakama na magereza. Shuleni ina nguvu zaidi, kwa sababu mtoto huhesabu yaliyo karibu. Na akihesabu, hesabu inamwendea vizuri. Mwaka 1997 watafiti wa Kanada Wendy Craig na Debra Pepler walichapisha matokeo ya kuwarekodi watoto uwanjani kwa kamera na vipaza sauti vidogo walivyovaa. Walimu waliingilia matukio 4 tu katika kila 100 ya uonevu. Si kwamba walimu wale walikuwa wabaya. Mengi yalifanyika kwa sekunde chache, nyuma ya migongo yao, au yalionekana kwa mbali kama mchezo. Lakini mbele ya macho ya mwonevu picha ni moja: ukifanya mara 100, utaulizwa mara 4. Mwambie mtoto huyo kwamba mara ya 101 itamfungia mlango wa chuo kikuu, na yeye atakwambia, kwa vitendo, kwamba amejaribu na hakuna kilichotokea.

Halafu kuna kalamu ya anayeandika. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha nidhamu cha shule moja nikiwa mmoja wa wawakilishi wa wazazi. Mwalimu wa zamu alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mwanafunzi fulani alimkaba mwenzake shingo, akamshikilia ukutani, na kwamba haikuwa mara ya kwanza wiki ile. Karatasi iliyochapwa na kufika mezani kwetu ilisema wanafunzi wawili "walisukumana". Aliyeilainisha hakuwa mtu mwovu. Kanuni za shule zilisema kumshambulia mwenzio ni kufukuzwa moja kwa moja, na yeye hakutaka kumfukuzisha mtoto mwezi mmoja kabla ya mitihani. Kwa kuwa hatua ya kati haikuwepo, akachagua neno la kati. Funika kombe mwanaharamu apite. Matokeo yake mwonevu hakupata hata onyo, na aliyekabwa akasomewa kwa sauti, mbele ya mzazi wake, kwamba naye alisukuma.

Wanaotaka mkono mzito wana hoja, na baadhi ni nzuri. Ufaransa ilipitisha sheria Machi 2022 inayoufanya uonevu shuleni kuwa kosa la jinai linalojitegemea. Pale unapomfikisha mtu kujiua au kujaribu kujiua, adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 10 na faini ya euro 150,000, ingawa kwa watoto viwango hupunguzwa. Watetezi wake wanasema sheria kama hiyo inatangaza hadharani kwamba maisha ya mtoto yana thamani ileile ndani na nje ya geti la shule. Hapo nakubaliana nao. Kumpiga mtu mpaka kumjeruhi, kumdhalilisha kingono, kumtoza hela kwa vitisho, kusambaza picha zake za faragha, hayo ni makosa ya jinai popote yatendekapo, na mkuu wa shule anayeyamaliza ofisini kwake ili kulinda jina la shule anastahili kuulizwa yeye. Shida ni kudhani kwamba sheria ya kesi hizo ndiyo itakayoendesha siku za kawaida. Septemba 2023 polisi waliingia darasani huko Alfortville, karibu na Paris, wakamtoa mwanafunzi wa miaka 14 akiwa na pingu, akituhumiwa kumtesa mwenzake mtandaoni. Nchi ikabishana siku kadhaa kuhusu pingu. Kuhusu ni nani shuleni alijua, alijua lini na alifanya nini, mjadala haukupata nafasi ya kiasi hicho.

Ufaransa hiyohiyo ilifanya jambo jingine lililopewa uzito mdogo, na mimi ndilo ninalolipenda. Agosti 2023 ilibadili kanuni ili mwanafunzi wa shule ya msingi anayehatarisha usalama wa wenzake aweze kuhamishiwa shule nyingine hata wazazi wake wakikataa. Kabla ya hapo, mzazi wa mwonevu akigoma, aliyebaki na njia ya kutokea ni mtoto aliyeonewa, na ndivyo ilivyo karibu kila mahali: anayeumizwa ndiye anayebadilisha sare, marafiki na njia ya kwenda shule. Huwa tunamsifu mzazi wake kwa kuchukua hatua. Kumhamisha mwonevu, juhudi nyingine zikishashindwa, nakuhesabu kuwa ulinzi zaidi ya adhabu, na ndiyo maana kunapaswa kuwa kwa haraka na bila mbwembwe. Ajabu ni kwamba hatua hiyo inaonekana kali kwa watu walewale wasioona ukali wowote katika kumhamisha mwathirika.

Upande wa pili wako wanaosema adhabu haifundishi, tuwapatanishe watoto. Hoja hii nayo ina sura mbili. Ya kwanza naijua kama wengi wanavyoijua: mwalimu anawaita wote wawili ofisini, anawasimamisha bega kwa bega mbele ya meza, anauliza nani alianza, halafu anasema, "Haya, peaneni mikono, yaishe." Mkono wa mmoja unatoka upesi. Mkono wa mwingine unatoka kwa sababu hauwezi kubaki. Wakifika koridoni yule wa kwanza anajua jambo moja zaidi kuliko alivyojua asubuhi, nani alimsema. Hapa ndipo kigezo cha tatu cha Olweus, cha kuzidiwa nguvu, kinapogeuka kuwa suala la usalama. Usuluhishi umetengenezwa kwa watu wanaolingana, kila mmoja akiwa na cha kudai na cha kuachia. Aliyeonewa hana cha kuachia. Watafiti Maria Ttofi na David Farrington walipopitia tathmini za programu za kupambana na uonevu katika uchambuzi waliouchapisha mwaka 2011, walikuta programu hizo kwa wastani ziliupunguza uonevu kwa asilimia 20 hadi 23. Lakini kuwakabidhi wanafunzi wenzao kazi ya kusuluhisha na kushauri kulienda pamoja na watoto kuonewa zaidi, na nidhamu thabiti ilienda pamoja na matokeo mazuri.

Watetezi wa mkono mzito hupenda kuunukuu uchambuzi huo wakiishia hapo kwenye nidhamu thabiti. Wangeendelea kusoma wangekutana na maana yake. Hatua zilizotumika katika programu ya Olweus zilikuwa mazungumzo mazito na mwanafunzi, kupelekwa kwa mkuu wa shule, kulazimika kukaa karibu na mwalimu wakati wa mapumziko, na kunyimwa fursa fulani. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayompa wakili kazi. Mwalimu anaweza kuzitoa leo hii, akazitoa tena Alhamisi. Tofauti yake na sera za kutovumilia kosa lolote zilizoshamiri Marekani miaka ya 1990 ni kubwa. Jopo la chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo lilizichambua sera hizo mwaka 2008 na halikupata ushahidi kwamba kufukuza na kusimamisha watoto ovyo kulizifanya shule kuwa salama zaidi.

Na upatanisho wenye utaratibu nao unafanya kazi, hii ndiyo sura ya pili. Katika programu ya KiVa ya Finland, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Turku na timu ya Christina Salmivalli, kikundi kidogo cha walimu huzungumza kwanza na aliyeonewa akiwa peke yake, kisha na kila aliyehusika, mmoja mmoja, kabla ya kuwakutanisha kama kundi. Kila mwonevu hutakiwa kusema atafanya nini tofauti, na hupewa tarehe ya kurudi kueleza kama amefanya. Wakati huohuo mwalimu wa darasa huwaomba wanafunzi wachache wanaoheshimiwa na wenzao wamsogelee aliyeonewa. Shule zilizokuwa kwenye majaribio ziligawanywa: nyingine zikimwambia mwonevu waziwazi kwamba alichofanya ni kosa na kitakoma sasa, nyingine zikianza kwa kumwonyesha kwamba mwenzake anateseka na kumuuliza atasaidiaje. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba njia zote mbili zilifanikiwa kwa kiwango kinachokaribiana. Tumepoteza miaka mingi kubishana kuhusu sauti ya mwalimu, ikiwa ya ukali au ya upole, kumbe yote mawili yalibebwa na vitu vilevile: kuitwa mapema, kuitwa peke yako, na kujua kwamba utaitwa tena.

Imebaki hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo yenye wafuasi wengi: ni utoto tu, sote tulipitia, inakomaza. Wanaoisema wako hai na wana kazi, kwa hiyo wanajiona wenyewe kuwa ushahidi. Nchini Uingereza watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 wamekuwa wakifuatiliwa maisha yao yote. Mwaka 2014 mtafiti Louise Arseneault na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu 7,771 kati yao, ambao wazazi wao walikuwa wameulizwa kama walionewa wakiwa na miaka 7 na 11. Walioonewa mara kwa mara walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi kuliko wenzao hata wakiwa na miaka 45, baada ya kuzingatia hali za familia zao na mengineyo. Mwonevu naye hakomazwi. Olweus aliwafuatilia wavulana waliokuwa waonevu darasa la 6 hadi la 9, na kufikia umri wa miaka 24 karibu asilimia 60 walikuwa wamehukumiwa kwa kosa walau moja. Haina maana kwamba kila mtoto mkorofi ni mhalifu wa kesho. Asilimia 40 nyingine ipo. Ina maana kwamba kumwachia ukidhani unamhurumia ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna jirani wa hoja hii anayestahili heshima zaidi, anayesema mwonevu naye ni mwathirika wa nyumbani kwao. Wakati mwingine ni kweli, na mtoto anayeonea huku naye akionewa huwa na hali mbaya kuliko wote. Lakini wapo waonevu wanaopendwa, wenye marafiki tele, wanaojieleza vizuri mbele ya walimu. Kwao uonevu ni njia ya kupanda cheo darasani na wanaijua vizuri. Ukimtafutia mtoto wa namna hii jeraha la siri, utamaliza muhula ukitafuta.

Cheo hakipandwi bila watazamaji. Chukua gurupu la darasa kwenye simu: saa tatu usiku mtu anatuma picha ya mwenzao iliyopigwa akiwa amefumba macho na mdomo wazi, imegeuzwa stika. Wawili wanajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Wengine wote wameiona, kimya. Asubuhi stika inatumwa tena, safari hii na mtu mwingine kabisa. Ukimwadhibu mtumaji wa kwanza peke yake utakuwa umelikata tawi. Pepler na Craig, wakiwa na Lynn Hawkins, walionyesha mwaka 2001 kwamba wenzao walikuwepo katika matukio mengi sana ya uonevu uwanjani lakini waliingilia chini ya tukio 1 kati ya 5; walipoingilia, asilimia 57 ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nguvu hiyo ni kubwa kuliko ya mwalimu yeyote wa nidhamu. Siungi mkono kuliadhibu darasa zima, maana hasira yote itamrudia aliyeonewa. Naunga mkono waliocheka waitwe pia, mmoja mmoja, waulizwe kuhusu kicheko chao. Kuna watoto wengi wasiojua kwamba kicheko chao kilihesabiwa mpaka mtu mzima alipokitaja.

Yote haya yanarudi kwa shule, na ndiko ninakotamani hasira ya umma ielekezwe. Norway ilibadili sheria yake ya elimu mwaka 2017: mzazi au mwanafunzi aliyemweleza mkuu wa shule, ikipita wiki moja bila hatua ya kutosha, anaweza kulipeleka suala kwa mamlaka ya mkoa, na mamlaka hiyo inaweza kuitoza shule faini ya kila siku mpaka itekeleze. Saa inaanza kuhesabu dhidi ya watu wazima. Japani, baada ya kijana wa miaka 13 wa mji wa Otsu kujiua mwaka 2011 na kubainika jinsi shule na bodi ya elimu vilivyolishughulikia vibaya suala hilo, ilitunga sheria mwaka 2013 inayouangalia uonevu kwa jicho la anayeumia. Idadi ya matukio yaliyotambuliwa na shule ikapanda mpaka zaidi ya 730,000 katika mwaka wa masomo wa 2023. Kwa mtazamaji wa nje hiyo ni aibu. Wizara yao ya elimu imekuwa na msimamo mwingine: kutambua matukio mengi kunaweza kuwa dalili kwamba walimu wanaangalia, na shule iliyoandika sifuri iwatangazie wazazi na wanafunzi sifuri hiyo, ili waseme kama ni ya kweli.

Hapo ndipo nitakapoitazama Korea miaka michache ijayo. Rekodi za ukatili shuleni zikipungua, patakuwa na wa kusema kwamba hofu ya kukosa chuo imefanya kazi, na nchi nyingine zitaiga. Bahati nzuri Korea huwauliza pia wanafunzi wenyewe kila mwaka, kwa dodoso, kuanzia darasa la nne mpaka mwisho wa sekondari, kama wameonewa. Namba hizo mbili ziwekwe pamoja. Rekodi zikishuka na dodoso likashuka, nitakuwa nimewaza vibaya kuhusu sera hii. Rekodi zikishuka na dodoso likabaki palepale au kupanda, maana yake walimu wamejifunza kuandika "walisukumana".